Mchezaji akiwa chini, mtangazaji anamfundisha nini mwanao?

Mechi ya Simba na Yanga ikiwa hewani, Mafinga nzima inasikiliza. Madereva wa malori ya mbao walioegesha kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya wana redio zao, fundi cherehani ana yake, na bodaboda kijiweni wanachungulia simu moja. Kwenye vibanda umiza, watoto waliovaa masweta na kofia za sufu wanakaa mbele kabisa, chini, karibu na skrini. Nyumba isiyo na kisimbuzi nayo haikosi mpira, maana sauti ya jirani inatosha.

Kesho yake mjadala unahamia kwa watangazaji na wachambuzi: nani katangaza vizuri, nani kapayuka, yupi anaujua mpira na yupi ni shabiki tu aliyepewa kipaza sauti. Kila mtu ana kipimo chake. Wapo wanaopenda misamiati na utani, wapo wanaotaka takwimu, na wapo wanaotaka mtu anayeipenda timu yao.

Ukurasa huu una kipimo kingine, na mzazi yeyote anaweza kukitumia akiwa sebuleni kwake. Sikiliza mtangazaji anasema nini pale mchezaji anapoanguka na haamki.

Wakati huo mpira umesimama na hakuna cha kutangaza, lakini ukimya hauruhusiwi. Mtangazaji lazima aseme kitu. Atakachosema, mtoto aliyekaa mbele ya runinga atakichukua kama elimu. Wiki inayofuata atakitumia kwenye chandimu, mwenzake akigongwa kichwa na hakuna daktari wala mtu mzima karibu.

Walituonyesha kwa sauti

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990. Kwa wazazi wengi wa leo, na hasa kwa babu na bibi, mpira ulikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Sauti za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary ndizo zilizokuwa macho ya msikilizaji. Hilary alipofariki Mei 2025, akiwa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wengi walimkumbuka kwanza kama mtangazaji wa mpira.

Kazi ya mtangazaji wa redio ilikuwa na nidhamu moja kubwa: sema unachokiona. Mpira uko wapi, nani anao, anaelekea lango gani, dakika ya ngapi. Mtu aliyekuwa akisikiliza kijijini Mufindi hakuwa na picha ya kumsahihisha mtangazaji. Akiambiwa mchezaji ameanguka na machela imeingia, alijua hivyo tu, na alisubiri kuambiwa zaidi.

Leo mambo yamebadilika. Mei 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu, na mechi nyingi sasa tunaziona moja kwa moja. Mtazamaji anaona mwenyewe kilichotokea, kwa hiyo mtangazaji ana nafasi ya kuongeza utani, majina ya sifa na maoni. Studio imejaa wachambuzi. Redio nazo zina vipindi vya michezo vya asubuhi, mchana na jioni, kiasi kwamba mtoto anaweza kusikia saa nyingi za uchambuzi kwa kila saa moja na nusu ya mechi.

Faida zipo, tena nyingi. Mtoto anayefuatilia mpira kwa Kiswahili anapata msamiati mpana, anajifunza majina ya nchi na miji, na anapata jambo la kuongea na baba yake. Kuna wachambuzi wanaoeleza mfumo wa mchezo kwa uwazi ambao baadhi ya walimu wangeuonea wivu. Kasoro inaonekana mjadala unapotoka kwenye mpira na kuingia kwenye mwili wa binadamu. Hapo wengi wanakisia, na wanakisia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

"Anapoteza muda huyo"

Kauli ya kwanza inayosikika mchezaji akilala chini ni kwamba anaigiza. Haitoki hewani. Kwenye ligi yetu tumeona makipa wanaolala timu yao ikiongoza bao moja na dakika zimebaki tano, kisha wanasimama kama hakuna kilichotokea. Mtangazaji aliyeona hayo mara 100 ana sababu ya kushuku.

Tatizo ni pale anaposhuku kila mtu, hata aliyegongwa kichwani. Mtoto anayesikia hivyo kila wiki anajifunza mambo mawili: mwenzake akilala, amcheke, yeye akiumia, asilale, atachekwa.

Mfano mzuri ni wa kipa Loris Karius. Mei 26, 2018, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mjini Kyiv, kipa huyo wa Liverpool aligongana na Sergio Ramos wa Real Madrid. Baada ya hapo alifanya makosa mawili makubwa na timu yake ikafungwa 3-1. Dunia nzima ilimcheka, na wachambuzi walimaliza siku kadhaa wakieleza kwamba hana akili ya mechi kubwa. Siku chache baadaye alipimwa katika hospitali moja ya Boston, Marekani, na madaktari wakasema alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo ambao huenda uliathiri uwezo wake wa kuona na kuamua.

Wachambuzi walikuwa wametoa hukumu kabla ya daktari. Watoto wengi wanaikumbuka hukumu ile mpaka leo, na wachache wanajua matokeo ya vipimo.

"Huyu ndiye mwanaume"

Kauli ya pili inasikika mchezaji anapoamka. Kichwa kimefungwa bendeji, jezi ina damu, anarudi uwanjani akiyumba kidogo. Mtangazaji anapandisha sauti: ana roho ngumu, huyu mwamba, wanaume ndio hawa. Mashabiki wanapiga makofi.

Kwa kifundo cha mguu kilichoteguka, ushujaa huo unaweza kumgharimu wiki chache nje. Kwa kichwa, hesabu ni nyingine.

Mtikisiko wa ubongo unatokea ubongo unapotikiswa ndani ya fuvu, kwa kugongana vichwa, kupigwa kiwiko, kuangukia kisogo au hata kutikiswa mwili kwa nguvu. Mtu si lazima azimie, na wengi hawazimii. Anaweza kusimama, kutembea na kukimbia huku ubongo wake haufanyi kazi sawasawa.

Dunia iliona hilo Julai 13, 2014 kwenye fainali ya Kombe la Dunia jijini Rio de Janeiro. Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa usoni mapema kipindi cha kwanza, akaendelea kucheza kama dakika 14. Baadaye ilifahamika kwamba alimfuata mwamuzi na kumuuliza kama ile ni fainali kweli. Alikuwa anacheza mechi kubwa kuliko zote duniani na hajui yuko wapi.

Hatari kubwa ni pigo la pili. Ubongo ambao haujapona ukigongwa tena unaweza kuvimba haraka, na kwa watoto na vijana jambo hilo limewahi kuua. Linatokea kwa nadra, lakini likitokea huwa hakuna muda wa kutosha wa kufika hospitali. Ndiyo maana wanaotunga sheria za soka duniani walianza mwaka 2021 kujaribu nafasi ya ziada ya kubadilisha mchezaji aliyegongwa kichwa, na tangu Julai 2024 mashindano yoyote yanaruhusiwa kuitumia bila timu kupoteza nafasi zake za kawaida za kubadilisha wachezaji.

Mtangazaji anayemsifu mtu aliyerudi na kichwa kinachozunguka anapingana na juhudi hizo bila kujua. Na mtoto wa darasa la sita anayejiandaa na UMITASHUMTA amemsikia yeye, hajawasikia waliotunga sheria.

Kauli za "mwanaume halisi" zina ubaya mwingine. Mchezaji wa kiume akilalamika maumivu, baadhi ya wachambuzi wanasema anacheza kama mwanamke. Tuna ligi ya wanawake na tuna Twiga Stars. Binti anayecheza mpira shuleni akisikia hivyo anaelewa kwamba mwili wake ni tusi, na kaka yake anaelewa kwamba kusema ukweli kuhusu maumivu ni aibu. Ukifika muda wa kumpeleka kijana huyo hospitali, atakuambia haumwi.

"Amemeza ulimi"

Kauli ya tatu ndiyo inayonitisha zaidi kama mwandishi wa afya. Mchezaji anazimia, wenzake wanamzunguka, na kabla daktari wa timu hajafika sauti inatangaza: amemeza ulimi. Wenzake nao wanaingiza vidole mdomoni kuuvuta.

Ulimi haumezwi. Umeshikiliwa kwa nguvu sakafuni mwa mdomo. Kinachotokea ni kwamba mtu akizimia, misuli yake inalegea, na akiwa amelala chali ulimi unaweza kurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Anayeingiza vidole anaweza kuumwa vibaya, au kusukuma kitu ndani zaidi.

Baya kuliko hilo, wakati watu wanahangaika na ulimi, huenda moyo umesimama. Desemba 4, 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana Ismail Mrisho Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC aliifungia timu yake bao dhidi ya Mwadui kwenye ligi ya vijana chini ya miaka 20. Muda mfupi baadaye alianguka, na hakuamka tena. Taifa zima lilishtuka, kisha ligi ikaendelea.

Ulaya nako yametokea. Machi 17, 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea Bolton, alianguka uwanjani London na moyo wake haukupiga kwa dakika 78. Alipona kwa sababu alianza kuhudumiwa palepale. Juni 12, 2021, ikawa zamu ya Christian Eriksen wa Denmark mjini Copenhagen. Nahodha wake, Simon Kjær, alimkimbilia, wenzake wakasimama duara kumficha na kamera, madaktari wakakandamiza kifua na kumshtua moyo kwa mashine. Eriksen alirudi kucheza mwaka uliofuata.

Siku ile ya Eriksen iliwapima watangazaji pia. BBC ya Uingereza iliomba radhi kwa watazamaji walioumizwa na picha zilizoonyeshwa. Tukio kama hilo linamfunza mtangazaji yeyote kupunguza sauti, kutokukisia sababu, na kusema ukweli mfupi kwamba mchezaji ameanguka, anahudumiwa, tunasubiri.

Hapa kwetu kuna uongo mwingine unaopenya hewani kama utani: kwamba mchezaji "ametupiwa kitu" na timu pinzani. Watu wazima wanacheka. Mtoto hajui kama ni utani. Mwenzake akianguka mazoezini, wazo la kwanza kichwani linakuwa mganga, na dakika za kumwokoa zinapotea.

Afanye nini mzazi?

Huwezi kumbadilisha mtangazaji leo jioni. Unachoweza ni kukaa karibu na mwanao na kumalizia pale mtangazaji alipokosea. Mchezaji akianguka, muulize: unafikiri ameumia wapi? Ungekuwa wewe ni mwenzake, ungefanya nini? Mazungumzo ya dakika moja yanatosha, na mpira ukianza tena mwache aangalie.

Mambo haya yafahamike na kila mwenye mtoto anayecheza:

*Akigongwa kichwa,* atoke uwanjani na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Dalili za mtikisiko wa ubongo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuchukia mwanga au kelele, kusahau kilichotokea, kujibu polepole, au kuwa mkali na mlizi kuliko kawaida yake. Zinaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

*Mpeleke hospitali mara moja* akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, akiwa mgumu kuamka, akichanganyikiwa, akiishiwa nguvu upande mmoja, mboni za macho zikiwa hazilingani, au majimaji meupe au damu yakitoka puani au masikioni. Usisubiri asubuhi. Kwa wanaoishi mbali, ndani kwenye mashamba ya chai au kambi za msitu wa Sao Hill, ni vyema kujua mapema nani mtaani ana usafiri wa usiku wa kufika Hospitali ya Mji wa Mafinga.

*Kama hana dalili za hatari,* apumzike siku moja au mbili, bila mpira na bila kukaa muda mrefu kwenye simu. Kulala si kosa, ila usiku wa kwanza mtu mzima awe karibu naye. Kwa maumivu, paracetamol inatosha; siku hizo za mwanzo epuka aspirini, ibuprofen na diclofenac kwa kuwa zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Arudi kwanza shule, kisha mazoezi mepesi, na mechi iwe ya mwisho, baada ya kuonwa na mhudumu wa afya. Kwa watoto wengi kupona kabisa kunachukua wiki mbili hadi nne.

*Akiteguka kifundo cha mguu,* mpumzishe, mfunge kwa bendeji isiyobana sana, mguu uwe juu, na umwekee kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20 kwa siku kadhaa. Kwa baridi ya Mafinga ya Juni na Julai, barafu huna haja ya kuitafuta. Usimchue na mafuta ya moto siku za mwanzo, maana uvimbe utaongezeka. Asipoweza kukanyaga hata hatua nne, apigwe picha ya mionzi. Na usimpe dawa ya maumivu ili acheze mechi. Wachezaji wakubwa wanaosifiwa kwa "kucheza na sindano" wana daktari pembeni, na hata wao wengine wamestaafu mapema.

*Mtu akianguka ghafla bila kuguswa,* mwite na umtikise bega. Asipojibu na asipopumua kawaida (mkoromo wa hapa na pale si kupumua), tuma mtu akatafute msaada na usafiri, kisha weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Usimmwagie maji, usimtie kijiko mdomoni. Kama anapumua na hakuumia shingo, mlaze kwa ubavu. Kijana wa sekondari anaweza kujifunza hili kwa dakika 10.

Kwa wenye kipaza sauti

Watangazaji na wachambuzi wetu wana nafasi ambayo maofisa afya wangeilipia. Wanaingia kwenye nyumba ambazo hazijawahi kusoma kipeperushi, na wanasikilizwa na baba ambaye hajawahi kukanyaga kliniki. Hakuna anayewaomba wageuke madaktari. Kinachotakiwa ni kama kile cha enzi za redio: sema unachokiona. "Wamegongana vichwa, sijui kaumia kiasi gani, daktari anamwangalia." Sentensi hiyo ni fupi, ni ya kweli, na haimdhuru mtu.

Vituo vinaweza kufanya zaidi kidogo. Kabla ya msimu, daktari wa timu akae na watangazaji saa mbili awaeleze mtikisiko wa ubongo, moyo kusimama, na maneno ya kuepuka. Mchezaji akitolewa kwa sababu ya kichwa, mchambuzi amsifu kocha aliyemtoa, hata kama timu ilikuwa inamhitaji. Picha za mtu anayepigania uhai zisirudiwe rudiwe.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinatarajiwa kuwa wenyeji wa AFCON. Mamilioni ya watoto watakaa mbele ya runinga, wengi kwa mara ya kwanza wakiona mashindano makubwa yakichezwa nyumbani. Muda wa kujiandaa upo.

Vipindi vya michezo vinasoma ujumbe wa wasikilizaji kila siku, na sehemu kubwa ya ujumbe huo ni wa kutetea timu. Wiki hii mzazi mmoja mmoja atume wa aina nyingine. Mtangazaji akisema vizuri mchezaji alipoumia, mpongeze kwa jina lake. Akisema ameumeza ulimi, mwandikie kwa heshima umweleze kwamba ulimi haumezwi, na kwamba mwanao alikuwa anasikiliza.